Maswali ya Wasomaji: Nyasi, mizizi na nyavu za akina mama wa Australia

Picha ya vikapu vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, tuliyoichapa toleo lililopita imetuletea barua nyingi, na karibu zote zimetoka Kigoma na Tabora. Si ajabu. Mikoa hii ina wasusi, wasokota kamba, warina asali na wavuvi, watu wanaojua kuitazama kazi ya mkono. Tumechagua barua zilizouliza jambo la kushikika. Mtaona majibu yetu yanarudi mara kwa mara kwenye maandalizi ya malighafi. Tumefanya hivyo makusudi, kwa sababu kikapu kibovu mara nyingi kimeharibika kabla sindano haijaguswa.

SWALI: Hamjambo wahariri? Mimi ni msusi wa mikeka ya ukindu. Kikapu cha kwenye picha hakikusukwa ukili, nyasi zimezungushwa na kushonwa. Naomba maelekezo hatua kwa hatua, na mniambie kama nyasi za huku zitafaa.
*Mama msusi, Ujiji*

JIBU: Hatujambo, mama, na shikamoo. Umeona sawasawa. Kazi ile ni ya akina mama wa jangwa la katikati ya Australia, pale majimbo ya Western Australia, South Australia na Northern Territory yanapokutana. Kikundi chao kinaitwa Tjanpi Desert Weavers na kiko chini ya baraza la wanawake la NPY, yaani Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara, jamii tatu za huko. Kina wanawake zaidi ya 400 waliotawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 350,000. Mkoa wa Tabora ungeingia humo zaidi ya mara nne. Nyasi wanazitafuta porini, wanazisafisha vumbi na takataka, kisha wanazishona kwa rafia au sufu, mara nyingine wakiongeza mbegu na manyoya ya emu, yule ndege mkubwa asiyeruka.

Nyasi za huku zitafaa, ila si zote. Nyasi za kuezekea zilizokaukia shambani ziache: bua lake ni gumu, lina vifundo, na ukilikunja linakatika. Kata nyasi laini za bua jembamba mwanzoni mwa kiangazi, zikiwa na ukijani bado. Lizungushe bua kwenye kidole cha shahada. Likivunjika, tafuta nyingine. Anika kivulini siku 5 hadi 7. Kwa kikapu cha kwanza chenye upana wa sentimita 20, tayarisha mafungu mawili ya kujaa kiganja, na ondoa majani yote yabaki mabua matupu. Majani yaliyobaki ndani ndiyo yanayofanya mzunguko uonekane umevimba hapa na kubonyea pale.

Kabla ya kushona, nyunyizia nyasi maji na uzifunge kwenye kitambaa kibichi kwa nusu saa. Usiziloweke ndooni usiku kucha. Nyasi zilizovimba kwa maji husinyaa zikikauka, na mishono uliyoibana vizuri jioni utaikuta imelegea baada ya siku mbili.

Kwa kushonea, chana ukindu upana wa milimita 2 hadi 3, uloweke mpaka ulainike, utunge kwenye shazia, sindano ile nene. Utepe usizidi mita moja. Ukiwa mrefu zaidi, unapita kwenye nyasi mara nyingi mno, unachanika kingo na kukatika katikati ya kazi.

Shika fungu la nyasi lenye unene wa kidole kidogo. Ncha yake ikate mshazari iwe nyembamba, kisha izungushie utepe kwa kubana kwa urefu wa sentimita 3. Kunja sehemu hiyo iwe duara lililofumba kabisa, upitishe sindano katikati mara mbili au tatu. Hapo ndipo wanaoanza wengi huacha tundu, na tundu la kati halizibiki baadaye. Endelea kuzungusha fungu pembeni mwa duara. Kila mshono upite juu ya mzunguko mpya na uume theluthi ya juu ya mzunguko wa chini yake. Ukiuma kidogo mno, nyasi zitachomoka. Ukipitisha sindano chini kabisa, utakata mishono ya awali. Nafasi kati ya mshono na mshono iwe sentimita moja. Duara linapokua nafasi hizo zinapanuka zenyewe, kwa hiyo ongeza mshono mmoja kati ya miwili kila unapoona pengo limezidi sentimita moja na nusu.

Unene wa fungu ndio mtihani. Kata pete ya mpira wa maji yenye tundu la sentimita moja na uipitishe kwenye fungu mbele ya sindano. Pete ikilegea, chomeka mabua matano au sita katikati ya fungu, kamwe si pembeni. Usingoje fungu liishe ndipo uongeze kwa wingi.

Kitako kikifika sentimita 15, panda: uweke mzunguko mpya juu ya ule wa mwisho badala ya kando yake. Kwa kikapu cha mdomo mpana, uweke nusu juu, nusu nje. Kumalizia, punguza mabua kidogo kidogo kwenye sentimita 10 za mwisho mpaka fungu lififie lenyewe, kisha shona mara mbili papo hapo.

Kitako kikijikunja kama bakuli kabla hujataka, unavuta utepe kwa nguvu mno. Kikifanya mawimbi ukingoni, unalegeza. Makosa yote mawili hayanyooki kwa pasi wala kwa kulaliwa na jiwe. Fumua mizunguko mitatu ya mwisho, uanze hapo tena.

SWALI: Nimesoma kwamba hao wa jangwani walifundishwa kushona vikapu mwaka 1995 tu. Sasa kwa nini mnauita utamaduni wao?
*Kijana, Tabora mjini*

JIBU: Mwaka uliotaja ni sahihi. Mafunzo ya kwanza yalifanyika 1995 katika kijiji cha Papulankutja, kinachoitwa pia Blackstone. Lakini wale akina mama hawakuanza na mikono mitupu. Mama zao na bibi zao walikuwa wakisokota nyuzi za nywele za binadamu na manyoya ya wanyama, wakitengeneza ngata na mikanda. Kilichokuja 1995 ni namna mpya ya kushona, juu ya ufundi wa nyuzi uliokuwepo.

Na hiyo namna yenyewe si ya kizungu. Watu wa Ngarrindjeri, kando ya mto Murray na wangwa wa Coorong kusini mwa Australia, wameshona mizunguko hiyo kwa vizazi vingi kwa mmea wa jamii moja na ndago na mafunjo yetu. Walitengeneza vikapu, mikeka ya duara na mitego ya samaki. Miaka ya 1920, mmisionari mwanamke aliyeijua kazi hiyo ya kusini aliifundisha kisiwani Goulburn, pwani ya kaskazini, ikaenea Arnhem Land yote. Huko kaskazini tayari walikuwa na ufumaji mwingine wa zamani sana, wa nyuzi mbili zinazopishana na kuushika kila uti. Mifuko ya namna hiyo imechorwa kwenye miamba ya Arnhem Land. Wakachukua cha kusini wakaongeza kwenye chao.

Huko kusini kwenyewe kazi ilikaribia kupotea. Msusi Yvonne Koolmatrie alijifunza mwaka 1982 kwa mzee Dorothy Kartinyeri, mmoja wa wachache waliokuwa bado wanaijua. Mwaka 1997 kazi za Koolmatrie ziliiwakilisha Australia kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, pamoja na za Emily Kame Kngwarreye na Judy Watson. Nao akina mama wa Papulankutja, miaka kumi tu baada ya mafunzo yao, walitengeneza gari la Toyota kwa nyasi, wakashinda tuzo kuu ya kitaifa ya sanaa ya wenyeji ya mwaka 2005. Utamaduni unaofanya hivyo uko hai, na sisi tunauita wao bila kusita.

SWALI: Shikamooni. Nachemsha ukindu kwa manjano, unatoka na rangi ya kupendeza, baada ya wiki chache umepauka. Nyekundu ndiyo haishiki kabisa. Waaborijini wanatumia nini?
*Dada wa Kasulu*

JIBU: Marahaba. Tuanze na wanavyofanya, kwa sababu siri kubwa iko kabla ya sufuria.

Arnhem Land wanatumia mmea uitwao Pandanus spiralis, ndugu wa mkadi wa pwani yetu. Wanavuta kwa fimbo yenye ndoano majani machanga ya katikati ya shada. Ya nje yamekomaa na hukatika. Wanaondoa miiba ya kingo zote mbili na ya uti wa chini, kisha kwa ukucha wa gumba wanalipasua jani kwa ubapa wake, ngozi ya juu itengane na ya chini. Ndipo wanaanika. Jani lililopasuliwa hivyo limefunua upande wa ndani usio na nta, na upande huo ndio unaokunywa rangi. Ukindu wako haupasuki hivyo, una nta pande zote mbili, na hapo ndipo tatizo lako linapoanzia.

Njano yao inatoka kwenye mizizi ya kichaka kidogo, Coelospermum reticulatum. Wanaichimba kwa mtaimbo, wanaichuna ganda na kulichemsha pamoja na majani. Wekundu unatoka kwenye viazi vya mmea uitwao Haemodorum, vikipondwa. Na wana ujuzi mmoja wa kupendeza mno: wakitupia majivu kwenye sufuria ya njano, rangi inageuka kuwa ya machungwa au nyekundu papo hapo. Majivu yana ukali wa aina ya magadi, na rangi ya mzizi ule hubadilika ikikutana nayo. Ukitaka kuona mageuzi ya aina hiyo jikoni kwako, weka magadi kidogo kwenye maji ya manjano. Yatakuwa mekundu yenye hudhurungi. Usiyatumie kusukia, kwa sababu wekundu huo haudumu.

Kwa gramu 250 za ukindu mkavu fanya hivi. Uchemshe dakika 30 kwenye lita 8 za maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga, uusuuze mpaka maji yawe meupe. Hapo nta imetoka. Chemsha gramu 50 za majani ya chai kwenye maji mapya, chuja, lowekea ukindu humo usiku mmoja. Asubuhi yeyusha gramu 35 za shabu kwenye maji ya moto, weka ukindu saa moja juu ya moto mdogo bila kutokota, uache humo mpaka upoe. Chai inaishikisha shabu kwenye jani, shabu inaishikisha rangi. Ukiruka chai, shabu inaondoka na maji ya kusuuza, ndiyo maana wengi husema shabu haisaidii. Chumvi ya mezani ambayo watu huitia sana kwenye sufuria haifanyi kazi hii.

Baada ya yote hayo, manjano bado haivumilii jua. Hivyo ndivyo ilivyo. Itumie kwa kazi za ndani tu. Kwa njano inayodumu zaidi tumia maganda makavu ya vitunguu maji, uzito sawa na ukindu, uchemshe dakika 45 na kuacha humo usiku kucha. Utapata rangi ya dhahabu iliyokolea.

Kwa wekundu, omba magome ya mninga kwa wapasua mbao. Loweka siku mbili, chemsha saa moja, chuja, kisha weka ukindu. Inatoka hudhurungi inayoelekea wekundu. Mti uliosimama usiuguse. Mninga ukichunwa gome kuzunguka shina unakufa. Na usitumie sufuria ya chuma. Chuma kikikutana na chai au magome kinageuza kila kitu kuwa kijivu au cheusi, na baada ya hapo hakuna cha kuokoa.

SWALI: Je, hao akina mama nao hubeba mizigo kichwani?
*Msomaji wa Kibondo*

JIBU: Ndiyo, walibeba. Akina mama wa jangwani walibeba kichwani mabakuli marefu ya mbao yenye maji, mbegu au matunda, wakiyaweka juu ya ngata iitwayo manguri. Waliitengeneza kwa nyasi au manyoya, wakaizungushia nyuzi za nywele walizosokota wenyewe. Mama wa Kibondo angeitambua bila kuambiwa. Tofauti iko kwenye uzi: ngata yetu nyingi ni khanga iliyokunjwa au majani ya migomba, ikichakaa inatupwa, ilhali manguri ilizungushiwa nyuzi mpaka ikawa ngumu na ya kudumu. Ukitaka kujaribu, anza na pete ya nyasi yenye unene wa sentimita 3 na tundu la sentimita 7, uizungushie kamba ya katani bila kuacha nafasi.

SWALI: Wanaume wa Kiaborijini hawasuki? Mimi nasuka, na nachekwa.
*Kaka wa Sikonge*

JIBU: Wanasuka. Kwenye misitu ya mvua ya kaskazini mwa Queensland kuna kikapu chenye pembe mbili chini, kiitwacho jawun, kinachosukwa kwa mtambaazi wenye miiba wa jamii ya mitende. Kwa desturi ni kazi ya wanaume, na Abe Muriata ni mmoja wa mafundi wake wanaojulikana. Kiliwekwa mtoni kikiwa na mbegu zenye sumu, maji yapite na kuiondoa sumu kabla ya kuliwa. Endelea na kazi yako, kaka.

SWALI: Mimi ni mrina asali. Huku tunafungia mizinga kwa kamba za magome ya miyombo, lakini kamba zangu zinakatika kwenye maungio. Nimesikia Waaborijini wanasokota nyuzi za magome kwa paja. Zinafanywaje?
*Mzee wa Urambo*

JIBU: Shikamoo mzee. Arnhem Land wanachukua gome la ndani la mti wa kurrajong, wengine la mtini wa porini. Gome la nje lenye magamba linatupwa. La ndani linalowekwa, linapondwa na kuchambuliwa mpaka ziwe nyuzi laini. Uzi wake hufumiwa mifuko ya vitundu, kwa kupitisha vitanzi ndani ya vitanzi bila fundo hata moja, ndiyo maana inatanuka ikijazwa.

Kusokota kwenyewe ni mwendo mmoja wenye hatua mbili, na anayeuharakisha hatapata kamba. Keti chini, nyosha mguu. Weka mafungu mawili ya nyuzi kwenye paja, sambamba, yakiachana kwa upana wa vidole viwili. Kwa kiganja yasukume mbele kuelekea goti, kila fungu likijisokota peke yake. Bila kuinua kiganja, yaache yagusane, kisha vuta mkono nyuma kuelekea nyonga. Kurudi huko kunayasokota mafungu mawili pamoja, kinyume cha mwanzo. Kwa kuwa kila fungu linataka kufumuka upande mmoja na kamba nzima upande mwingine, zinafungana zenyewe. Kamba inayofumuka ukiiachia imesokotwa pande zote mbili kuelekea upande mmoja, au mwendo wa kwanza haukutosha. Paja likiteleza, paka majivu makavu kidogo.

Sasa maungio, kwa sababu hapo ndipo kamba zako zinapokatikia. Inaonekana mafungu yako mawili yanaisha pamoja, ukayaongeza mahali pamoja. Anza na mafungu yasiyolingana, moja lizidi jingine kwa shubiri mbili. La kwanza likibaki urefu wa kidole, punguza ncha yake iwe nyembamba, na nyuzi mpya pia zipunguzwe ncha, zilaliane sentimita 8, ndipo usokote. Jingine utaliongeza mbele ya hapo. Hivyo kila ungio linalindwa na fungu zima lililo pembeni yake. Usifunge fundo. Fundo ndani ya kamba ndilo linaloanza kukatika.

Magome chukua kwenye matawi yaliyokatwa kwa kazi nyingine. Yachune siku hiyo hiyo, kwa sababu tawi likikauka gome la ndani linagandamana na mti na linatoka vipandevipande. Loweka siku 4 hadi 6, ukibadilisha maji kila siku. Likiachwa zaidi ya hapo kwenye maji yale yale linaoza, na nyuzi zilizooza huonekana nzuri mpaka siku mzinga unapoanguka.

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kingependa kutengeneza vikapu vya mtindo huo na kuviuza kwa watalii wanaopita kwenda Gombe na Mahale. Tunaruhusiwa?
*Mwalimu na mlezi wa kikundi, Nzega*

JIBU: Mwalimu, ufundi wa kuzungusha nyasi na kushona upo Afrika, Asia na Amerika, ni wenu tangu zamani. Kisicho chenu ni hadithi na michoro yao. Kwa mfano, nyota za Kilimia zina simulizi kubwa jangwani, ya dada saba wanaokimbizwa na mwanamume mmoja, na akina mama wa Tjanpi wametengeneza sanamu za nyasi za hao dada. Simulizi hiyo imefungwa kwenye visima, miamba na vilima maalumu, na kila sehemu yake ina watu wenye haki ya kuisimulia. Hata miongoni mwao si kila mtu anaruhusiwa kuichora. Vivyo hivyo baadhi ya mifuko ya manyoya ya Arnhem Land ni ya ibada na haiuzwi.

Madhara ya kuiga yanaonekana kwenye fedha. Ripoti ya mwaka 2022 ya tume ya serikali ya Australia iitwayo Productivity Commission ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya fedha zinazotumika kununua zawadi na bidhaa zenye sanaa ya kienyeji huishia kwenye vitu visivyotengenezwa na wenyeji. Kwa mama anayeishi mamia ya kilomita kutoka mji wa karibu, kikapu ni kati ya vipato vichache anavyovipata bila kuondoka kijijini kwake.

Kwa hiyo shoneni kwa nyasi zenu, wekeni mapambo yenu, na kwenye kibandiko andikeni jina la kikundi, Nzega, na nyasi iliyotumika. Msiandike Australia. Mtalii aliyevuka bahari kuja kuona sokwe anatafuta kazi ya hapa, na kibandiko cha kweli kinauza zaidi.

SWALI: Vikapu vyangu vya nyasi vinaota ukungu kila msimu wa mvua, na vingine vinatoka unga mwembamba.
*Msomaji wa Kaliua*

JIBU: Ni matatizo mawili. Ukungu unatokana na nyasi kushonwa mbichi au kikapu kuhifadhiwa kabla hakijakauka ndani. Kikimaliza kushonwa, kitundike penye upepo wiki mbili, na msimu wa mvua kikae juu ya rafu, mbali na ukuta, kamwe si ndani ya mfuko wa plastiki. Kilichoota tayari kipeleke nje, kisugue kwa brashi kavu, ukianike jua la asubuhi. Maji usiguse.

Unga ni wadudu. Makumbusho huua wadudu wa vikapu kwa kugandisha: kikapu kinafungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Muuza samaki mwenye friza anaweza kukusaidia. Kikitoka, usifungue plastiki mpaka siku ya pili, la sivyo umande utakiingia na utarudi kwenye ukungu.

SWALI: Mwaloni kwetu kuna malundo ya nyavu chakavu za dagaa. Mliandika kwa kifupi kwamba huko Australia nyavu zinafumwa sanaa. Tupeni undani.
*Kikundi cha vijana, Kibirizi, Kigoma*

JIBU: Kwanza tuweke sawa: kazi ya nyavu inajulikana zaidi kwa wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, ambao ni jamii nyingine, si Waaborijini, ingawa Waaborijini wa Pormpuraaw huko Cape York nao wanaifanya. Nyavu zilizotupwa baharini huletwa na mikondo mpaka ghuba ya Carpentaria, na njiani zinanasa kasa na samaki bila mvuvi. Mradi wa GhostNets Australia ulianza kuzikusanya mwaka 2004. Baadaye wasanii wa kisiwa cha Erub na wengine wakaanza kuzigeuza kasa, papa na mamba wakubwa, na mwaka 2016 kazi zao zilionyeshwa kwenye makumbusho ya bahari ya Monaco.

Kwenu pale, wavu ukiingia mikononi mwenu ukateni vipande vya mita mbili siku hiyo hiyo, ili usirudi ziwani kwa mlango wa nyuma. Vaeni glovu ngumu, pekueni ndoana na vipande vya waya. Loweka siku nzima kwenye maji ya sabuni, suuza mara tatu, anika. Harufu ya dagaa ikibaki baada ya hapo, loweka tena. Msiifunike kwa rangi, kwa sababu rangi ya kupaka haishiki vizuri kwenye nailoni na harufu inarudi kwenye joto. Gawanyeni kwa rangi na unene kabla ya kushona. Kijani, buluu na nyeusi zikipangwa vizuri zinatosha kumchora samaki yeyote wa Tanganyika.

Anzeni na samaki wa sentimita 40, msikimbilie mamba. Fremu iwe ya waya wa milimita 3 au 4: waya mmoja wa mgongo kutoka mdomoni hadi mkiani, na pete tatu za duara zinazokatiza mwili, ya kati ikiwa kubwa kuliko zote. Maungio yafungeni kwa waya laini wa kufungia nondo, ncha zikunjwe ndani. Jazeni tumbo kwa vipande vibovu vya wavu, kisha valisheni ngozi ya wavu wenye matundu madogo, mkiivuta kutoka mdomoni kwenda mkiani. Mkiivuta kinyume, matundu yanafunguka na kujaza kunaonekana. Shoneni kwa nyuzi mlizozifumua kwenye wavu huo huo. Uzi wa pamba unaoza miaka michache mbele wakati nailoni bado nzima, na samaki anafumuka.

Mapezi yatengenezeni mbali kwa waya mwembamba, myashone mwisho. Ncha za nailoni zinazofumuka ziguseni kwa kisu kilichopashwa moto, nje penye upepo, si ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wake unadhuru mapafu. Mabaki msiyachome. Yarudisheni kwenye gunia, ndiyo ya kujazia tumbo la samaki anayefuata.